Vitanzi Viwili vya Ezra

Asubuhi moja huko Akheri, Pudensiana alipotoka kukamua ng'ombe, alimkuta mwanawe Ezra ananing'inia juu ya migomba, mguu mmoja katika kila kitanzi. Kamba ilipanda hadi kwenye wingu la Mlima Meru. Walikuwa wamemzika kabla ya Pasaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hakuwa amekula. Jirani yao Fransiska akafunga kikombe cha uji kwenye ufito mrefu wa kuangulia maparachichi, akampandishia. Kesho yake akaleta soksi.

Ezra alieleza bila kinyongo. Fundo la vitanzi viwili alilifunga mwenyewe, na watalii wote aliowaongoza wakashuka mwamba kwa fundo hilo, mguu huku, mguu huku. Yeye akawa wa mwisho. Alipofika katikati mvua ikaanza, na Stanley, mwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani, aliyeshika kamba chini, akaifunga kwenye jiwe ili awawahishe wageni kwenye supu. Alisema angerudi asubuhi. Akarudi kweli, ni mtu wa ahadi, akamkuta Ezra ameshakufa kwa baridi.

"Sasa utashukaje, mwanangu, ukapumzike?"

"Aje aliyeniacha, na isale."

Isale, mmea wa uzio, lilikuwa pale pale uani. Kwa mila, mkosaji akilifunga jani lake fundo akalileta, hakuna anayemkatalia msamaha.

Stanley akaitwa, akaja na gari safi. Mzaliwa huyu wa Machame, aliyekulia ndani ya uzio wa masale, alilipita kama majani ya mbuzi. Akampa Pudensiana kofia yenye nembo ya kampuni, kisha akalichunguza fundo.

"Halijalegea hata kidogo. Ezra, hapo ulifanya kazi."

"Asante, bosi. Isale lipo kushoto kwako."

"Nimeliona. Mama, bustani yako inapendeza."

Akapiga picha, akamwomba Ezra atabasamu. Ezra, mtoto aliyelelewa vyema, akatabasamu.

Baadaye bango likasimamishwa Kijenge, mjini. Fransiska aliliona, akaja kusimulia: Ezra, mkubwa kuliko nyumba, na chini yake maneno, "Kamba zetu hazimwachi mtu."

"Soksi zinaonekana?" Pudensiana akauliza.

"Vizuri kabisa."

"Basi angalau watajua ana watu."

Mvua ikaanza. Pudensiana akapalilia shina la isale, lisije likakosekana siku Stanley atakapolihitaji, kisha akampandishia mwanawe uji. Aliongeza sukari.