Wa Kuarifiwa Kabla ya Kuhama

Waliokuwapo asubuhi ile katika nyumba ya akina Kuo, mlimani juu ya mji wa bandari wa Keelung, walikuwa watu watano. Yueh-o, mjane, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Wen-hsiung, mwanawe, karani wa bohari. Pei-chun, mke wa Wen-hsiung. Ting-kuei, mdogo wa marehemu mume wa Yueh-o, aliyekuja kusimamia mambo ya wahenga. Na A-piao, dereva wa lori, aliyeketi kizingitini akitafuna popoo na kuitazama mvua.

Mlima uliokuwa nyuma ya nyumba ulikuwa ukishuka kidogo kidogo. Ukuta wa jikoni ulikuwa umepasuka kiasi cha kuingiza ngumi, na amri ilikwisha kutoka kwamba nyumba zote saba za kichochoro kile zibomolewe. Kalenda ya siku za heri ilikuwa imetaja siku na saa njema ya kuhama: kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Hapo ilikuwa saa tatu na nusu.

Wen-hsiung alisimama katikati ya sebule tupu, karatasi mkononi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kupanga. Hata maharage aliyapanga kwa ukubwa kabla ya kuyala. Orodha yake ya kuhama ilikuwa na mambo arobaini na mawili, na kila lililokamilika aliliwekea alama kwa kalamu nyekundu.

"Gesi imefungwa. Mita ya maji imesomwa. Wa kuarifiwa anwani mpya: posta, tayari. Ofisi ya kata, tayari. Zahanati ya mama, tayari. Muuza tofu, tayari."

"Muuza tofu naye?" akauliza A-piao kutoka kizingitini.

"Humletea mama kila Jumanne. Asipoarifiwa atapanda mlima bure."

"Bwana mkubwa, mimi nimehama mara tisa na sijamwarifu mtu. Wanaonidai wamenifuata wenyewe."

Pei-chun akacheka. Yueh-o hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya pipa la mchele, lile ambalo lingetangulia kuingia katika nyumba mpya, likiwa limejaa hadi mdomoni ili njaa isipate pa kukaa. Alikuwa akisikiliza majina ya walioarifiwa, moja baada ya jingine, kama mtu aliyesimama kwenye kituo akingoja jina la mji wake litajwe.

"Sasa wahenga," akasema Wen-hsiung. "Baba mdogo, karibu."

Ting-kuei akafunga vifungo vya koti, akawasha vijiti vitatu vya udi, akainama mbele ya kibao cha mbao kilichoandikwa majina ya waliotangulia. Aliyataja majina yote, tangu babu wa babu hadi kaka yake mwenyewe, kisha akawaambia bila haraka kama anayeelekeza wageni njia: "Tunahama leo. Tuendako ni Taoyuan, ghorofa ya nane, mlango wa kushoto. Lifti ipo. Kaka, magoti yako hayatakusumbua tena. Je, mnaridhia kufuatana nasi?"

Akaviinua vipande viwili vya mbao nyekundu, vilivyochongwa mfano wa mwezi mchanga, akavirusha sakafuni. Kimoja kikalala kifudifudi, kingine chali. Hilo ndilo jibu la ndiyo.

"Mara ya kwanza tu," akasema Ting-kuei, akijifuta jasho. "Hawa walikwisha kufunga mizigo yao tangu jana."

Kibao kikafungwa kwa kitambaa chekundu. Chetezo kikawekwa ndani ya kikapu, majivu yake yakiwa bado ya moto. Wen-hsiung akatia alama nyekundu.

Katika kibao kile jina la Su-chu halikuwamo. Su-chu alikuwa binti wa Yueh-o, dada yake Wen-hsiung, aliyefariki kwa homa miaka thelathini na mmoja iliyopita akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, hajaolewa. Na binti, kwa desturi, mahali pake ni katika kibao cha ukoo wa mumewe. Asiye na mume hana kibao. Baba yake alikuwa mtu mwema, lakini katika hilo hakulegeza hata ukucha. Majivu ya Su-chu yalipelekwa katika hekalu dogo la wasichana wa namna yake, mtelemkoni, hadi mwaka ambao mlima ulilifunika hekalu lenyewe. Tangu hapo Yueh-o aliandikisha jina la bintiye kwenye karatasi nyekundu, akalikunja, akaliweka pamoja na kibanio cha nywele ndani ya kopo la biskuti lenye picha ya tausi. Kopo aliliweka jikoni, nyuma ya mlango wa uani, na kila alfajiri akachoma kijiti kimoja cha udi hapo. Mumewe alipouliza, alisema anafukuza mbu. "Mlango wa mbele si wako," alikuwa akimnong'oneza bintiye. "Njia yako ni hii. Ukija, mimi nipo hapa."

Alfajiri ya leo hakwenda kuchoma udi, maana Ting-kuei alikuwa amelala sebuleni; alikusudia kulichukua kopo lile mwenyewe, mapajani, ndani ya lori. Hakulitaja kwa mtu. Aliona haya kuliomba litiwe katika orodha, na alihofu kwamba Ting-kuei angelitoa.

"Namba ishirini na saba," akaendelea Wen-hsiung. "Jikoni. Vyakula vilivyopitwa na wakati."

"Vimetupwa," akajibu Pei-chun. "Jana alasiri gari la taka lilipopita. Nilibeba mifuko minne. Mama, ulikuwa na mchuzi wa soya wa tangu Wen-hsiung hajaota meno."

Yueh-o akainuka kwenye pipa la mchele. "Na kopo la biskuti?"

"Lipi, Mama?"

"La tausi. Nyuma ya mlango."

"Lile la kutu? Nililitikisa, nikasikia kitu kinacheza ndani. Nikajua biskuti zimekuwa mawe." Pei-chun alikuwa bado anatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. "Mama, kulikuwa na nini?"

Yueh-o aliusikia tena wimbo wa gari la taka, ule unaopigwa kila alasiri ili watu watoke na mifuko yao. Jana aliusikia akiwa amelala, akauona mtamu.

Akaenda jikoni. Wote wakamfuata, hata A-piao. Nyuma ya mlango palikuwa na duara safi sakafuni, na kulizunguka, vumbi la udi la miaka mingi. Akaweka kiganja juu ya duara lile, akawaeleza kwa maneno machache, bila kulia. Kilio kingehitaji nguvu, naye hakuwa nazo.

Wen-hsiung alikuwa mtoto wakati ule. Alikumbuka harufu ya udi jikoni alfajiri. Alidhani ni ya mungu wa meko.

"Mama, mimi sikujua," akasema Pei-chun. "Hakuna aliyeniambia."

"Najua, mwanangu. Kosa si lako. Kopo la kutu ni kopo la kutu." Kisha akamnyoshea Ting-kuei mkono. "Shemeji, nipe vile vipande."

"Shemeji, hivi ni vya wahenga wa Kuo."

"Na yeye ni nani? Paka wa jirani?"

"Sikusema hivyo. Nasema desturi sikuitunga mimi."

"Wala hukuivunja. Nipe."

Akampa. Yueh-o akapiga magoti mbele ya duara, akaviinua vipande usawa wa uso. "Su-chu, ni mama. Tunahama. Ghorofa ya nane, mlango wa kushoto. Utakuja?"

Vipande vyote viwili vikalala chali, vikayumba kidogo.

"Anacheka," akasema Ting-kuei kwa sauti ya chini. "Maana yake swali halieleweki."

Akavirusha tena. Vyote viwili kifudifudi: hapana. Akarusha mara ya tatu: hapana. Ndipo Pei-chun naye akapiga magoti pembeni ya mama mkwe wake, akauambia ule mlango, "Dada, ni mimi niliyekutupa. Sikukujua. Umkasirikie nani mwingine kama si mimi? Lakini mfuate mama." Yueh-o akarusha mara ya nne, na vipande vyote vikalala kifudifudi kama vilivyogandishwa.

"Saa nne na dakika arobaini," akasema A-piao. Alikuwa ameitema popoo yake nje na kusimama mikono nyuma. "Samahani, mama. Barabara ya bandarini ina foleni."

"Tutaandika karatasi mpya," akasema Wen-hsiung. "Leo hii hii. Nitanunua kopo jipya, la bati zuri lisiloshika kutu. Nitaliingiza kwenye orodha."

"Uliweke wapi? Nyumba yako ina mlango mmoja, Wen-hsiung. Nyuma kuna dirisha, na chini yake ghorofa saba. Yeye nilimfundisha mlango wa uani."

Wen-hsiung akamgeukia Ting-kuei. "Baba mdogo, kwani haiwezekani aingie kwenye kibao? Mara hii moja?"

Ting-kuei hakuwa mtu katili. "Baba yako alikataa akiwa hai," akasema. "Leo nimemuuliza kama yuko tayari kuhama, akakubali mara moja. Nikimuuliza hili, akalikataa pamoja na safari yenyewe, nani atakibeba kibao mpaka kwenye lori?"

Mvua iliingia kupitia ufa wa ukuta na kuchora mstari mwembamba hadi kwenye lile duara. Yueh-o aliutazama ukifika, ukalizunguka duara, ukaligeuza tope. Aliyatafuta moyoni maneno ya kumwambia binti yake, akakuta yote alikwisha kuyasema alfajiri za miaka yote ile, nayo yote yalikuwa yanamwambia aje hapa, mahali ambapo wiki ijayo pasingekuwapo.

Akajiinua kwa kushika mlango.

"Wen-hsiung, orodha yako imeishia namba ngapi?"

"Arobaini na mbili, Mama."

"Shika kalamu. Andika ya arobaini na tatu."

Akashika.

"Nitapanda lori pamoja nanyi. Nitakaa ghorofa ya nane, na nitakula mtakachopika. Lakini siku nitakayokufa, jina langu lisiandikwe kwenye kibao cha akina Kuo. Msinitafutie pa kukaa, msinichomee udi sebuleni. Nitakuwa nje, kama yeye. Aliyeko nje hutafutwa na aliyeko nje. Shemeji, umesikia, nawe ni shahidi."

"Shemeji, hilo halijapata kufanywa."

"Ndiyo sababu nataka liandikwe. Haya, twendeni, saa njema inakwisha."