Springi za Watu Saba

Kila asubuhi hupanga spana zangu juu ya kitambaa, ndogo hadi kubwa, kabla sijazungumza na mtu. Leo nilikuwa sijafika hata nusu gari likaingia gereji, ubavu umekwaruzwa hadi bati.

Alishuka Mwalimu, yule mstaafu niliyemfungia springi ngumu za nyuma mwezi uliopita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Binti, unataka kunizika? Kwenye kona ya daraja mkia wa gari ulitaka kunipita!"

"Ndio mafundi wa makaratasi hao," alidakia Bisibisi, fundi mwenzangu, kutoka chini ya lori. "Chuo miaka mitatu, mzee wa watu anakumbatia daraja!"

Maneno huniishia mapema. Nilijua tu kwamba kama kosa ni langu, sistahili kugusa gari la mtu tena.

Nikamwomba Mwalimu twende wote tukalijaribu, yeye akiendesha. Kwenye lami laini lilikuwa tamu: ukigusa usukani linaitika, halilali upande. Kisha tukaingia kona yenye mashimo. Nyuma ikarukaruka kama mbuzi, tairi zikaachia njia, tukateleza hadi ukingoni. Akasimamisha gari. Tulihema.

Springi zile zilitaka uzito. Gari likiwa tupu haziinami, na tairi haipati nafasi ya kushika barabara.

"Mwalimu, uliniambia mnapanda saba."

"Saba, ndiyo. Mama watoto, wanangu, wajukuu. Na mizigo yao."

"Kila siku?"

"Wakija."

Niligeuka nyuma. Viti vilikuwa bado vimevikwa nailoni ya dukani, na juu ya nailoni vumbi, bila alama hata ya kiganja. Vumbi la namna hiyo nalijua. Chumbani kwangu nina viti viwili, na kimoja hakikaliwi, nakifuta tu vumbi.

"Nikikufungia laini, hutateleza tena," nilisema polepole. "Ila siku ukipakia saba, nyuma itakaa chini, na usukani utachelewa kukuitikia. Sasa nifunge zipi?"

Alizima injini. Alikitazama kioo cha ndani muda mrefu, kile kinachoonyesha viti vya nyuma.

"Mama yao hupenda kukaa dirishani," alisema.

Sikujua la kufanya na mikono yangu.

"Funga za mtu mmoja, mwanangu. Hawaji."