Chupa ya Kumfungua Antwi

Fundi Sarpong alikuwa mtu mzuri kabla wafadhili hawajamjua. Siku hizi pale Suame, mtaa wetu wa magereji, wanasema alikuwa mwizi tangu tumboni mwa mama yake. Si kweli, nami ndiye mwenye haki ya kumchukia kuliko wote.

Mwanangu Antwi alifika gerejini kwake na kovu la panga begani. Nilikuwa nimemlea kwa sufuria za shule, maana nina stashahada ya upishi na ndiyo kazi yangu, na bado alikuwa anapora watu simu sokoni. Ndipo mradi ukaja. Kila kijana wa aina yake alipewa mlezi, fundi mwenye jina. Fundi anamfundisha kazi, na wafadhili wanampa fundi posho kila mwezi kwa kila kijana aliye chini yake. Sikuona ubaya. Kwa kawaida mzazi ndiye hulipa.

Na kijana alibadilika. Sarpong alimfundisha kusikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Alimzaba kofi siku aliposinzia kazini, na siku hiyo hiyo akamnunulia uji. Antwi akawa anarudi nyumbani mikono myeusi, anakula fufu, ugali wetu wa muhogo, kimya kama mtu mzima, analala. Nilimsikia akikoroma nikamshukuru Mungu.

Muda wa kujifunza ukaisha. Kwetu ukiisha hujawa fundi bado, mpaka ufunguliwe. Familia inapeleka chupa ya snapsi, ile pombe kali ya mila. Fundi anaipokea, anamwaga kidogo chini kwa waliotangulia, anakuombea, kisha anakumwagia poda kichwani mbele ya mafundi wenzake mpaka unafanana na samaki aliyeviringishwa kwenye unga. Bila poda ile hakuna gereji itakayokupa kazi. Ukifungua yako, chama cha mafundi kinakuja kuifunga, kwamba umemtoroka bwana wako.

Antwi alikuwa na kazi inayomsubiri. Kampuni moja ya mabasi kule Tamale ilitaka fundi wa injini za dizeli. Walimwambia, "Ukishafunguliwa, njoo."

Kwetu mjomba ndiye mwenye kijana, kwa hiyo kaka yangu Boadi alibeba chupa. Mimi nilimfuata nyuma.

"Fundi, tumekuja na kinywaji," Boadi akasema.

Sarpong hakuinuka kwenye tairi alilokalia. "Kirudishe kwenye mfuko, kaka. Bado."

"Bado nini? Kijana anashusha injini peke yake."

"Kushusha hata mwizi anashusha. Kupandisha je?"

"Jana kapandisha ya lori lile pale," nikasema. "Wewe ulikuwa kivulini unakula wali wako wa waakye."

Chini ya lori vijana wengine watatu wa mradi wakacheka. Sarpong akawarushia tambara la mafuta.

"Mama Antwi, una mdomo wewe. Ndiyo maana mumeo alihamia Accra."

"Alihamia kwa mwanamke, na huyo naye ana mdomo. Pokea chupa."

"Mwakani."

Antwi alikuwa amesimama pembeni na spana mkononi. Aliinama akarudi chini ya lori.

Nikaenda ofisi ya mradi. Msimamizi, Lartey, ni kijana mpole mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri.

"Mama, sisi hatuingilii mila," akasema.

"Posho ya Sarpong inakoma lini?"

"Kijana akifunguliwa."

"Na asipofunguliwa?"

"Inaendelea. Wafadhili wanapenda kuona vijana wengi wako chini ya walezi. Wakitoka, kule kwao wanaonekana kama wameacha mafunzo."

"Lartey, unamlipa mkunga kwa kila mwezi wa mimba. Mtoto atazaliwa lini?"

Akacheka. Akasema ni mfano mzuri, atautumia mkutanoni.

Tamale walisubiri, wakachoka, wakachukua mtu mwingine. Antwi alizipokea habari hizo akiwa anaosha mikono uani. "Mama, nina ndevu," akasema. "Mpaka lini niwe mtoto wa watu?"

Nikamwambia avumilie. Ningemwambia nini kingine? Rafiki zake wa zamani walikuwa wameshahamia kwenye galamsey, mashimo yale ya kuchimba dhahabu kwa kuibia. Shimoni hakuna anayekuuliza kama umefunguliwa. Asubuhi moja nikakuta ovaroli yake imefuliwa, imeanikwa kwenye kamba, naye hayupo.

Mvua zikaja. Shimo likaporomoka likiwa na watu ndani. Aliyenipigia simu alikuwa mmoja wa wale rafiki, analia, anasema, "Mama, tumempata," na mimi mjinga nikadhani ana maana yuko hai.

Sarpong alikuja kwenye mazishi na nguo ya msiba nyeusi na nyekundu, wale vijana wake watatu nyuma yake. Mkononi alikuwa na chupa ya snapsi na kopo la poda. Alisimama mbele ya jeneza lililo wazi, mbele ya turubai zote.

"Nimekuja kumfungua," akasema. "Asiende kwa wazee wetu akiwa bado chini ya mtu."

Wanawake wakaguna kwa huruma. Boadi akanyoosha mkono kupokea chupa, nami nikaushika mkono wake. Kisha nikamnyang'anya mtangaza rambirambi kipaza sauti.

"Fundi, hao nyuma yako muda wao umeisha au haujaisha?"

"Mama Antwi, huu ni msiba."

"Najua ni wa nani. Nimeuliza."

Aliyejibu ni Yeboah, mkubwa wao. "Umeisha, Mama. Wangu tangu mwaka juzi."

"Basi chupa hii hatuipokei mpaka uwafungue hawa. Hapa hapa. Poda unayo."

Mwenyekiti wa chama cha mafundi alikuwa mstari wa mbele na fimbo yake. Alimnyooshea Sarpong. "Fanya," akasema.

Akafanya. Akamwaga snapsi chini, akaomba, akamwagia poda Yeboah, kisha wale wengine, juu ya nguo zao nyeusi. Hakuna aliyepiga makofi. Yeboah alikuwa analia, poda inageuka tope mashavuni.

Alipofika kwenye jeneza, kopo lilikuwa limekwisha. Aliligonga tako kwa kiganja, mara nyingi, ikatoka ya kufunika nusu tu ya uso wa mwanangu. Ndipo nikamwambia Boadi apokee chupa.

Baadaye Lartey alinijia jikoni shuleni. Wafadhili wamesitisha fedha za Suame, akasema. Gereji ya Sarpong haina tena kijana chini ya mlezi, na kwao inahesabiwa kuwa imeshindwa.

"Ila ule mfano wako wa mkunga waliupenda sana, Mama."

"Waliuliza mtoto yuko wapi?"

Nilikuwa na maharage motoni, nikamwacha amesimama hapo.

Yeboah yuko Tamale sasa, anatengeneza mabasi. Hunipigia simu kila Jumapili. Nami hupokea, ingawa kila inapolia natamani awe mwingine.