Mazuku ya Muzee Harelimana

Nimewahi kuiba kalamu za ofisi na maparachichi ya jirani, lakini hewa ya kuua watu sikuwahi kuiba hadi mwaka huu.

Naitwa Élodie, natoka Butembo, nafanya kazi katika maabara ndogo hapa Goma. Tuna chupa mbili. Moja ina seli kali za saratani ya titi, zile zinazokimbilia mapafuni kabla mwenye mwili hajashtuka. Nyingine ina seli nzima, zenye adabu zao. Tunatafuta dawa itakayoua zile kali na kuziacha hizi. Kuua tu si kazi, hata sabuni ya kufulia inaua. Kazi ni kuchagua.

Seli hizo, za adabu na zisizo na adabu, haziishi bila gesi ya kaboni, sehemu tano kwa mia. Mtungi wetu uliisha Jumatatu. Mwingine ulikuwa umekwama mbali, maana ndege hazitui tena hapa. Kufikia adhuhuri maji ya waridi zinamoishi yalikuwa yakigeuka zambarau kwa kukosa gesi, na Daktari Balagizi, mkubwa wangu, alikuwa akitafuna kifuniko cha kalamu. Zikifa, hatukuwa na pa kuagiza nyingine.

"Docta," nikasema, "Goma tunakosa mengi, lakini gesi hiyo inatoka chini ya miguu yetu."

Mtoto yeyote wa mtaa wa Keshero anayajua mazuku: hewa nzito isiyoonekana, inayotoka kwenye nyufa za mawe ya volkano na kulala mashimoni. Kuku akishuka humo hapandi tena. Nami nililijua shimo moja zuri nyuma ya nyumba ya Muzee Harelimana, lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa ili watoto wasilikaribie.

Nilifika na pampu ya baiskeli niliyoigeuza ivute badala ya kupuliza, bomba refu, na mpira wa ndani wa gurudumu la lori wa kubebea hiyo hewa. Nikasimama ukingoni, nikashusha mshumaa kwa kamba. Ukazimika palepale. Nilikuwa bado nachekelea, fimbo ya Muzee iliponigusa begani.

"Mutoto, unatafuta nini mu mazuku yangu?"

"Naomba kidogo tu, Muzee. Ya labo."

"Miaka makumi ine niko nakataza batoto kufika hapa, na weye unakuya na pompi!"

Ikabidi nieleze yote. Nilipotaja saratani, macho yake yakang'aa. Aliingia ndani akatoka na chupa ya maji meusi. Majani ya siri, alisema. Mkewe, Mama Mukamurenzi, alikuwa na uvimbe kwenye titi, na tangu Pasaka alikuwa akimpa glasi asubuhi na glasi jioni. Hospitali ya nini, na mama anapona?

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Lakini pampu yangu alikuwa ameshaichukua.

"Tufanye hivi, Muzee. Unipe mazuku, mie napima dawa yako. Ikiua kansa peke yake, tunaandika jina yako mu rapport. Ikishindwa, unapeleka mama ku hopitali, siku ile ile."

"Unaapa?"

"Naapa."

Akanishikia bomba mwenyewe.

Gesi tuliipima kwa sindano, tukaichanganya na hewa ndani ya sanduku lenye mfuniko wa kubana. Maji yakarudi waridi. Balagizi alicheka hadi akaketi sakafuni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa na akili timamu.

Dawa ya Muzee tuliitia kwenye visahani viwili vyenye seli chache za kila aina. Siku tatu baadaye Muzee alikuja amevaa koti lake la harusi. Nikamwonyesha darubini, kwanza zile seli kali. Zilikuwa zimekufa zote.

"Nilisema!" akapiga makofi. "Andika Harelimana, na H!"

"Sasa angalia za mutu muzima."

Akaangalia. Akafuta macho, akaangalia tena. Nazo zilikuwa zimekufa, haikubaki hata moja.

"Dawa yako inaua kweli, Muzee. Sawa na mazuku yako. Haichagui."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kushangilia, lakini nilimwona akifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, na mimi ndiye niliyeona aibu.

"Glasi mbili kila siku," akasema. "Nimemuua bibi yangu."

Tulikwenda Keshero juu ya pikipiki moja, koti la harusi likipepea usoni mwangu. Mama Mukamurenzi alikuwa akichambua maharage. Muzee alipiga magoti mbele yake, akaungama yote. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka maharage yakamwagika.

"Papa, ile dawa sijaionja hata siku moja. Angalia mugomba."

Nyuma ya jiko mgomba ulikuwa umesimama mkavu, mweusi toka juu mpaka chini. Kwa miezi mitatu Muzee alikuwa akiwatangazia majirani kwamba mazuku yamepanda hadi jikoni yakaua mgomba.

"Lakini ulisema unapona!"

"Weye njo ulisema. Mie nilinyamaza, juu ulikuwa na furaha."

Halafu akauchukua mkono wa mumewe akauweka kifuani, juu ya kitenge. "Ile uvimbe iko tu hapa. Inakomaa."

Siku ile ile tulikuwa hospitalini. Daktari wa pale alieleza kwamba vipimo vikithibitisha, mama atapewa dawa: nywele zitaanguka, tumbo litachafuka, damu itapungua.

"Juu ya nini nywele?" Muzee akauliza. "Nywele iko na kansa?"

"Hapana, Papa. Dawa inaua seli zinazokua haraka, na nywele nazo zinakua haraka."

"Kumbe na ya kwenu haichagui!"

"Inachagua kidogo," daktari akasema, akiangalia karatasi zake.

Muzee aliushika mkono wa mkewe. Kisha akanigeukia pale nilipokuwa kwenye benchi, namenya ndizi yangu kwa raha.

"Na weye uko unafanya nini hapa? Rudia ku labo! Mazuku iko, haitaisha."