Mabomba Mawili, Tangi Moja

Fundi bomba alimfundisha binti yake hesabu kwa sheria moja: kosa moja, kofi moja. Kila alasiri, akitoka kazini, alivuta kiti mezani kabla hata hajanawa, akamwita. Mkewe, mshonaji, alikuwa chumba cha pili akikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie.

Siku hiyo swali la darasa la sita lilihusu mabomba, na baba akachangamka kwa kuwa wameingia uwanjani kwake. Tangi ni la lita mia mbili na arobaini. Bomba la kwanza hulijaza kwa saa sita, la pili kwa saa tatu. Yakifunguliwa pamoja, litajaa kwa saa ngapi? Baba hakugusa kalamu. Sita na tatu ni tisa, gawa kwa mbili, saa nne na nusu. Akamwambia aandike.

Binti hakuandika. Alijua akinyamaza yataisha, lakini ulimi ulimtangulia.

"Baba, hilo la pili likiwa peke yake linamaliza kwa saa tatu. Sasa likisaidiwa, litachelewaje?"

Kofi lilimwangusha kutoka kitini. Aliinuka damu ikimtoka puani, akaokota penseli, akaanza, kwa ukaidi ambao mwenyewe hakujua umetoka wapi. Mia mbili na arobaini gawa kwa sita: lita arobaini kila saa. Gawa kwa tatu: themanini. Jumlisha: mia moja na ishirini. Damu ilidondoka kwenye daftari, akaisukuma kwa kiwiko. Mia mbili na arobaini gawa kwa mia moja na ishirini.

Kabla hajaandika mbili, baba alikuwa ameshaliona jibu. Miaka ishirini ya kufunga mabomba, na mtoto wa miaka kumi na miwili amemuumbua. Alichomoa spana kwenye begi la kazi, akaishusha juu ya mkono ulioshika penseli. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu.

Cherehani ikanyamaza.

Mama alitoka na pasi ya mkaa mkononi. Aliikandamiza begani kwa mumewe mpaka shati likashikana na ngozi. Mume alipogeuka akinguruma, spana juu, alimpiga na pasi usoni, makaa yakamwagika sakafuni, na fundi akaanguka katikati yake.

"Ukimgusa tena nakuua," alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wateja kuwa nguo bado.

Mama na binti walitoka vile vile, bila viatu, hadi hospitali. Baadaye fundi alituma kaka yake kuwaombea warudi. Mama alimjibu mlangoni kwa dada yake, walikohamia, kwamba arudi alikotoka.

Huko kwa mama mkubwa, binti alijifunza kuandika kwa kushoto. Mama yake, aliyeishia darasa la nne, aliomba naye afundishwe. Mita kumi na mbili za kitambaa, kila gauni mita moja na nusu, yatatoka magauni mangapi? Alikosea mara moja, akakosea tena pale pale. Mara ya tatu, binti aliinua mkono wenye plasta.

Mama alijifunika uso.

Mkono ulibaki hewani. Binti, ambaye hakuwa amelia hata siku ile, alilia mpaka akakosa pumzi. Mama alisubiri, kisha akafuta ukurasa na kumuuliza hatua inayofuata ni ipi.