Bolota Asilowe

Mama yangu akiona mbwa hakimbii wala hapigi kelele. Anasimama, anakusanya baibui lake mpaka magotini kama mtu anayevuka mto, halafu anauliza, "Mkavu huyo?"

Ndivyo alivyouliza pale uwanja wa ndege wa Porto, Januari 2014, kabla hata ya kumsalimia binti yake. Tumetoka Toronto barafu bado zinaning'inia kwenye nyaya za umeme, tumekaa kwenye ndege mpaka makalio yamekufa ganzi, na neno la kwanza ndiyo hilo.

Binti mwenyewe ni dada yangu Kisa. Kaolewa na Mreno anaitwa Duarte. Jamaa alisilimu, ndoa ikafungwa kwa Skype: maulana yuko Pickering, huko kwetu Kanada, bwana harusi yuko Porto na kanzu ya kuazima imemwishia kwenye magoti. Baba mpaka leo anajifanya mtandao ulikatika. Mama alikuwa hajakanyaga kwa Kisa hata siku moja. Safari hii akakubali, kwa sharti: "Nikiona nyumba haikaliki, nahamia hoteli."

Sasa msije mkadhani hoteli ni kulala tu. Angerudi kwetu Scarborough, wale wanawake wenzake kina Shaila wamuulize msikitini, "Kisa vipi, nyumba nzuri?" aseme, "Sijui, nilikaa hoteli." Basi, dada amezikwa. Na tumbo la Kisa lilishaanza kuchomoza, alikuwa anamtaka mama yake. Anamtaka kweli, siyo wa kwenye simu.

Halafu ndiyo kuna Bolota, mbwa wa Kisa na Duarte, waliyekuja naye kutupokea. Jike, manyoya kama tambara la kudekia, na lina mapenzi ya kijinga kwa kila mtu.

"Hukuniambia kuna mbwa," Mama akanigeukia mimi.

"Mimi sijasema kitu!"

"Ndiyo hivyo. Hukusema."

Kwetu Mashia, mbwa mkavu akikugusa na wewe mkavu, hakuna neno. Akilowa tu, umekwisha, umepata najisi: ufue nguo, uoshe mwili, sala isubiri. Sheria nyepesi sana kama unaishi jangwani. Porto Januari mvua inakufuata mpaka ndani ya mwavuli.

Tulipofika nyumbani kwake, Kisa akanivutia jikoni. "Ehsan, wewe huna kazi."

"Nina mipango."

"Mipango gani, kulala? Sikiliza. Bolota asilowe. Kila akitoka kukojoa arudi mkavu. Mama akihamia hoteli, mimi sitakusemesha mpaka nife."

Basi mimi, niliyemaliza shule nikakataa chuo cha uhasibu alichonichagulia Baba, nikawa mshika mwavuli wa mbwa. Nikatoboa mfuko mweusi wa takataka, matundu manne ya miguu, moja la mkia, nikamvalisha. Bibi mmoja wa Kireno akatuona akapiga ishara ya msalaba. Sijui alikuwa anamwombea nani.

Lakini ikafanya kazi, bwana. Mama akaanza kulegea. Akala chakula cha Kisa, akasema chumvi imepungua, yaani kapenda. Duarte kila akimpita anasema "Shikamoo, Mama," hata akitoka chooni. "Marahaba," Mama anaiitikia dari.

Jumapili mvua ikakata, jua likatoka. Mama mwenyewe akasema twende tukaione bahari. Tukaenda Foz, pale mto unapomwagikia baharini. Nikamvua Bolota mfuko, naye apate hewa. Mawimbi yalikuwa yanapiga ukuta kama yanadai kitu, Duarte akamwambia Kisa amwambie Mama tusisogee.

"Mimi nimezaliwa Tanga," Mama akasema. "Huyu atanifundisha bahari?" Akasogea.

Wimbi likaruka ukuta.

Yaani lilimwagika lote kwa pamoja, kama mtu kapindua tangi. Nilipofungua macho, Mama kalowa mpaka kiunoni, na Bolota simwoni. Nikadhani kachukuliwa na maji. Mama akatazama chini, taratibu. Chini ya baibui kulikuwa kunatetemeka. Kukatoka pua.

Duarte, viatu vimejaa maji, akasema neno pekee la Kiswahili analolijua: "Shikamoo, Mama."

Kisa akaanza kulia, huku anatafuta kwenye simu. "Nakutafutia hoteli, Mama. Nzuri. Karibu na hapa. Samahani."

"Hoteli?" Mama akasema. "Niingie hoteli na hali hii, nikachafue mashuka ya watu ambao hata siwajui? Una akili wewe? Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwako! Kwani kuna kwingine? Na umtoe huyu mnyama kwenye miguu yangu, ananilamba."

Kwenye gari alikaa juu ya ule mfuko wa takataka, Bolota miguuni pake, hakuna anayemwangalia mwenzake. Tulipofika alioga yeye kwanza, muda mrefu mpaka maji ya moto yakaisha. Sisi tukabaki nje ya mlango tunasikiliza, Kisa anatafuna kucha. Akatoka na kitambaa kichwani, akalitazama zulia la sebuleni, limejaa nyayo za Bolota.

"Mwezi wa tano nikija, zulia hili nisilikute. Haliosheki."

"Unakuja?" Kisa akauliza.

"Sasa mtoto ataogeshwa na nani? Na huyu?"

Akamnyooshea Duarte kidole. Duarte hakuelewa hata neno moja. Akaitikia kwa kichwa, akapiga magoti, akaanza kulikunja zulia.