Mgongo wa Kisu

Damu ilitoka kabla sijasikia maumivu. Nilikuwa nakomba tumbo la upawa wa mti, ule wa kupakulia mchuzi, kazi ninayoifanya tangu nilipoacha shule kabla ya kuota ndevu. Dole gumba langu la kushoto lilikuwa pale linapokaa siku zote, mgongoni mwa kisu, likisukuma. Mgongo wa kisu hauna makali, ndiyo maana ukaitwa mgongo. Safari hii dole lilizama kama limesukuma papai bivu.

Nilikaa tu nikiutazama upawa ukigeuka mwekundu. Kisu chenyewe ni kidogo, kimepinda kama kucha ya kuku, na kina makali upande mmoja tu, ule unaomfaa mtu wa mkono wa kulia. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mgongo ulikuwa unameta. Mtu alikuwa ameunoa, na si zamani; jana ulikuwa butu.

"Mama Pacha!" nikamwita mke wangu.

Alikuja na unga mikononi, akaona damu, akakaa juu ya rundo la maranda. "Mungu wangu! Kidole kipo?"

"Kipo. Nani kagusa kisu changu?"

"Nikufunge kwanza au nikujibu kwanza?"

"Vyote."

Akachana kitambaa, akanifunga kwa nguvu hadi nikaona nyota.

"Ni kaka yako," nikasema. "Si alikuja hapa kuazima shoka?"

"Kaka yangu hawezi hata kuchonga penseli. Usimsingizie mtoto wa watu." Kisha mkono wake ukabaki umeshika kidole changu. "Baba Pacha, mbona blanketi la baba lina maranda? Kila nikilifua yamo. Nilidhani ni wewe unakaa naye uani."

"Nikae naye saa ngapi?"

Tukaenda uani.

Baba ndiye aliyenifundisha kazi, na kisu ni chake. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha, kikaua upande wote wa kulia na kuufanya ulimi mzito. Nilimwekea kiti uani, kivulini, nikampa redio na blanketi la miguuni. Wateja niliwaambia mzee amepumzika. Hata chai alinyweshwa. Kumwambia mtu kwamba mzee yule ameingia karakana peke yake, akafika kwenye jiwe la kunolea, ni sawa na kumwambia kiti kimetembea.

Tukamkuta amefumba macho, redio inaongea peke yake. Nikafunua blanketi.

Suruali yake ilikuwa imechanwachanwa pajani. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa na vidonda vidogo vidogo, vingine vikavu, vingine vibichi, na kiatu cha kulia kilikuwa kimelika ncha kwa kuburutwa hadi karakana. Katikati ya mapaja alikuwa amebana upawa ambao haujaisha. Ndivyo alivyokuwa akichonga nikiwa sipo: mti kaubana kwa mapaja, kisu mkono wa kushoto, mkono ambao makali ya zamani hayaufai, anavutia tumboni kwake.

"Nilidhani ni msumari wa kiti unachana suruali," mke wangu akanong'ona. "Na mimi nashona tu, nashona tu."

"Baba," nikasema, "umenoa mgongo wa kisu?"

Akafumbua jicho moja. "Kwako… ndio mgongo."

"Umenikata!"

Akakitazama kidole changu kilivyovimba kwa kitambaa. "Pole." Akavuta pumzi. "Fundi… hutazami kisu?"

"Nitazame nini? Nakijua hicho kisu kuliko uso wangu! Ukikata mshipa wa paja je? Tukukute umekwisha na redio inaimba?"

"Usibishane naye," mke wangu akasema, machozi yanamtoka. "Kaue hayo makali. Sasa hivi."

Kuua makali ni kazi ndogo. Unasimamisha kisu wima juu ya jiwe, unaburuta mara chache, basi. Jiwe lilikuwa mlangoni mwa karakana. Nikaenda nikachutama, nikaweka kisu juu yake.

"Ua," baba akasema kutoka kwenye kiti. "Halafu… kachimbe."

"Nichimbe nini?"

"Shimo langu."

"Baba!" mke wangu akapiga kelele. "Maneno gani hayo?"

Mzee alikuwa ananitazama mimi, na mate yanamtiririka upande ule uliolegea, wala hayafuti.

Nikarudi na kisu mkononi bila kukiburuta hata mara moja, nikauchukua ule upawa mapajani mwake. Nikaupima kwa kidole.

"Ni mbaya," nikamwambia.

"Najua."

"Tumbo nene upande mmoja. Mdomo umekwenda pembeni kama wako."

Mke wangu akanipiga bega. Baba akakoroma kifuani, nadhani alicheka. "Wa kwanza… ungeuona. Huu… mzuri."

Nikatafuta kipande kinene cha ngozi ya mkoba wa zamani, nikakifunga juu ya paja lake kwa mpira wa baiskeli, tabaka mbili, nikavuta kuhakikisha hakichezi. Nikamrudishia upawa. Kisu nikakiweka kwenye kiganja cha kushoto. Vidole vikajifunga kwenye mpini haraka kuliko nilivyotarajia.

"Na wewe utatumia nini?" mke wangu akauliza.

"Naenda kwa mhunzi anifulie kingine."

"Unamwacha hivyo? Umerukwa na akili?"

"Kaa naye."

Nikatoka. Nilipofika kwenye geti nikasikia kisu kikikwaruza mti, kikakwama, kikakwaruza tena. Mke wangu akasema, "Polepole, baba, polepole!" Dole langu lilikuwa linapiga kama moyo. Sikugeuka. Ningegeuka, ningemnyang'anya.